Jenereta isiyokula mafuta ilinirudisha darasani

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mi siyo mwandishi, nina kibanda cha kuchaji betri na simu huku mwaloni, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wateja wangu wengi ni wavuvi wa dagaa na madereva boda, kwahiyo naomba mnivumilie barua hii ikipinda huku na huku. Nimeiandika usiku wa mbalamwezi, na kama mnavyojua (au hamjui, maana ninyi mpo Dar) mbalamwezi ikiwa kali wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani, na wasipoenda betri zao zinalala ndani, na mi nakaa bure.

Kilichonifanya niandike ni aibu. Mwaka juzi alikuja jamaa mmoja na pikapu, kavaa vizuri, maneno yake matamu kama asali ya Tabora, akashusha mashine akaiita jenereta isiyokula mafuta. Ilikuwa hivi, mota inazungusha dainamo kwa mkanda, dainamo inatoa umeme, umeme unarudi kuzungusha mota ile ile, na unaobaki unawasha taa. Petroli hakuna, jua halihitajiki, ukishaiwasha imewaka mpaka mkanda ukatike wenyewe. Akaiwasha mbele yetu, taa nne zikawaka pwaa, watu wakapiga makofi. Chini ya fremu kulikuwa na betri ndogo imefungwa na gundi nyeusi, na mi niliiona kabisa, jamani kazi yangu ni betri, nikamuuliza hii ya nini, akanijibu ya kustatia tu kama kwenye gari. Nikaridhika! Nikatoa advansi laki na nusu. Hatukuwa wachache tuliotoa. Wiki mbili alizosema zikapita, mwezi ukapita, namba ikawa haipatikani, na pikapu sijaiona tena mpaka leo.

Sasa kuna mwalimu mmoja mstaafu huwa anakuja kuchaji redio yake kwangu, jina lake siliandiki maana hajanituma. Nikamsimulia nikitegemea anionee huruma. Hakunionea. Akaniuliza, "Kijana, fizikia ulisoma?" Nikamwambia mzee wangu niliiacha kidato cha pili, ile ilipofika kuchagua mchepuo nilikimbia kama wenzangu wote. Akacheka akasema, "Basi hiyo laki na nusu ni ada, umechelewa kuilipa tu." Akachukua kijiti akaanza kuchora mchangani.

Alichonieleza ni hiki. Mota ukiipa umeme wa mia, haikurudishii mia ya mzunguko. Ikiwa nzuri tuseme inakupa themanini, ishirini inaondoka kwa joto na kelele, ndo maana mota ikifanya kazi muda mrefu ukiigusa inaunguza. Dainamo nayo inapokea ile themanini inakata asilimia ishirini yake, unabaki na sitini na nne. Hiyo sitini na nne unairudisha kwenye mota, mzunguko wa pili unatoka na arobaini na moja hivi, wa tatu ishirini na sita, na hapo hata taa moja hujawasha. Kwahiyo mashine ile bila betri ingekufa kabla hujamaliza kusema bismillahi. Taa zilikuwa zinawashwa na ile betri ya "kustatia", mota na dainamo zilikuwa mapambo, tena mapambo yanayokula betri.

Alafu akaniambia kitu kilichoniuma zaidi, kwamba watu wamekuwa wakipeleka mashine za namna hiyo kwa wataalam karne na karne, mpaka mwaka 1775 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kule Paris kikatangaza hakitaki tena hata kuziangalia, kimechoka. Sisi huku tumeipokea karibu miaka 250 baadaye na tukatoa advansi juu.

Hapo ndo nilianza kusoma. Sikuingia darasani, umri umeenda na nina watoto wa kulisha, ila nilinunua kitabu chakavu cha kidato cha kwanza pale sokoni Mwanga na mzee akawa ananielekeza kila mbalamwezi biashara inapolala. Mpaka sasa nimesoma mbalamwezi kama kumi na nane hivi, ndo kalenda yangu ya shule hiyo.

Kitu cha kwanza nilichogundua, na hiki nataka kukisema kwa kirefu kidogo, ni kwamba shida yangu haikuwa hesabu, shida ilikuwa neno "nguvu". Sisi kila kitu ni nguvu. Betri ina nguvu, panel ina nguvu, mkondo wa maji una nguvu, ng'ombe ana nguvu, hata zile dawa wanazotangaza stendi ni za nguvu, tuziache. Lakini kwenye fizikia ndani ya hilo neno moja kuna vitu vitatu tofauti. Kuna kani, yaani kusukuma au kuvuta. Kuna nishati, ile akiba yenyewe inayofanya kazi. Na kuna spidi ya kuitumia hiyo nishati, ambayo tunaipima kwa wati. Ukivichanganya hivi vitatu lazima upigwe, na wa kukupiga haji na rungu, anakuja na pikapu.

Mzee alinieleza kwa pipa na bomba. Wati ni jinsi bomba linavyomwaga, wati-saa ni maji yaliyoingia kwenye pipa. Bomba nene likifunguliwa dakika moja linaweza kujaza kidogo kuliko bomba jembamba lililoachwa wazi usiku kucha. Nilipoelewa hivyo nikarudi kibandani nikashika kichwa. Sikilizeni hesabu yangu. Nina panel nne za wati 150, jumla wati 600, nami nilikuwa najisifia kwa wateja nina mtambo wa wati mia sita. Ila jua kali la kufanya panel itoe kiasi chake chote halifiki mchana kutwa, ukilikusanya lote la siku nzuri ni kama saa tano tu. 600 mara 5 ni wati-saa 3,000. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 70, ambazo ndo wengi wanazo, ikijaa ina 12 mara 70, wati-saa 840. Kwahiyo siku nzima ya jua safi najaza betri tatu zilizoisha kabisa, na ukitoa kinachopotea njiani hata hizo tatu ni kwa kubahatika. Na mi nilikuwa napokea betri nane kwa siku! Nane ni wati-saa 6,720. Miaka yote ile wavuvi walivyokuwa wananigombeza kuwa betri zangu hazijai, nikawa nawajibu betri zenu mbovu, taa zenu zinakula sana, kumbe walikuwa sahihi na mi ndo nilikuwa nauza upepo. Sikuwa na nia mbaya, lakini tofauti yangu na yule wa pikapu ni kwamba mi nilikuwa najidanganya hata mwenyewe. Nimeshawaomba radhi wale ninaowakumbuka. Siku hizi napokea betri tatu kwa sola na zinazobaki nachajia umeme wa gridi, bei tofauti, na ugomvi umepungua.

Tukija kwenye umeme wa LUKU, ile uniti moja tunayonunua bei yake haifiki shilingi 400, na tunaiona ni kitu kidogo tu. Mzee akaniambia pima kwa ndoo. Uniti moja ni jouli (kipimo cha nishati) 3,600,000. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20, kuipandisha mita moja juu unahitaji jouli kama 196. Mi naishi juu mlimani, tuseme ni mita 100 kutoka usawa wa ziwa, kwahiyo kila ndoo inayofika kwangu imebeba jouli 19,600 za kupanda. Gawanya. Uniti moja ya umeme ni sawa na kupandisha ndoo 183 mpaka mlangoni kwangu! Mke wangu nilipomwambia alinyamaza kidogo kisha akauliza, "Na miaka yote niliyobeba hizo ndoo, mlikuwa mnanilipa uniti ngapi?" Sikuwa na jibu, na kitabu nacho hakina.

Na hilo jina jouli limetokana na Mwingereza James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia, ambaye miaka ya 1840 alifunga uzito kwenye kamba, uzito ukawa unashuka unazungusha mapanga ndani ya chombo cha maji, naye anapima maji yamepata joto kiasi gani. Watu walikuwa wanadhani joto ni kitu chenyewe, kama kimiminika kisichoonekana kinachohama toka huku kwenda kule. Yeye akaonyesha joto na kazi ni mali moja kwenye mifuko miwili. Gramu moja ya maji kupanda digrii moja inahitaji jouli 4.2 hivi, iwe umezipata kwa kuni au kwa kukoroga. Mfano wa huku kwetu magharibi, yale maporomoko ya Kalambo kule Rukwa mpakani na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo. Yakifika chini ule mwendo unageuka joto, na kwa hesabu maji ya chini yanakuwa na joto zaidi ya ya juu kwa kama nusu digrii. Nusu digrii tu! Maporomoko yote yale na kelele zote zile. Nilipoifanya hiyo hesabu kwa mkono wangu ndo nikaelewa kwa nini kuchemsha maji kunamaliza mkaa, joto ni kitu cha gharama sana ukilipima kwa kuanguka.

Ndugu Mhariri, najua nimeshaanza kurefusha, ila kuna hili la saa siwezi kuliacha.

Panel zangu nilizifunga nikizielekeza kwenye jua la saa sita mchana, maana si ndo tunafundishwa jua la utosi ni saa sita. Zikawa zinalegea mapema mchana, jua likiwa bado kali. Nikadhani ni vumbi, nikafuta weee. Kumbe kosa ni mahali nilipo. Dunia inazunguka digrii 360 kwa masaa 24, yaani digrii 15 kila lisaa. Saa rasmi ya Tanzania imewekwa kwa kufuata mstari wa digrii 45 mashariki, na huo mstari haupiti Tanzania kabisa, unapita Somalia jirani na Mogadishu. Kigoma tupo kwenye digrii 29 na nusu hivi. Tofauti ni digrii 15 na kitu, yaani lisaa limoja zima. Kwahiyo jua linafika katikati ya anga la Kigoma saa saba mchana, siyo saa sita, likitangulia au kuchelewa dakika chache kulingana na mwezi wa mwaka. Dar wako kwenye digrii 39, wao linawafikia dakika kama 38 kabla yetu. Ndo maana mgeni akitoka Dar anashangaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi huku bado giza. Nikazigeuza panel kidogo, na ule umeme niliokuwa naupoteza ukarudi bila kununua hata waya.

Wenzetu wanaovuka kwenda Bujumbura au Kalemie hili wanalijua kwa vitendo, ukifika ng'ambo unarudisha saa nyuma lisaa limoja. Ziwa lenyewe upana wake ni kilometa hamsini hivi, hakuna jua linalochelewa lisaa kwa kilometa hamsini, ni serikali tu zimekubaliana mstari upite hapo. Basi nikajiona nimeshamaliza habari za muda, saa ni makubaliano, jua ndo ukweli. Mzee akaniambia subiri kwanza.

Akauliza zile ramani za kwenye simu wavuvi wanazotumia usiku kujua wako wapi, zinajuaje? Nikasema setilaiti. Sawa, setilaiti zipo juu kilometa kama 20,000, kila moja ina saa ndani yake, inatuma ujumbe "sasa hivi ni saa fulani", simu inaangalia ujumbe umechelewa kiasi gani njiani, na kwa sababu spidi ya mwanga inajulikana, kilometa karibu 300,000 kwa sekunde moja, inapata umbali. Hapo ndo nilipoelewa kuwa muda na nafasi siyo vitu viwili mbalimbali kama nilivyodhani, unapima umbali kwa kuchelewa. Sasa saa za kule juu haziendi sawa na zetu. Einstein alisema mwaka 1905 saa iliyo kwenye mwendo inachelewa, na baadaye akaongeza kwamba saa iliyo karibu na uzito mkubwa kama dunia nayo inachelewa kuliko iliyo mbali. Setilaiti inakimbia lakini pia iko juu, ukijumlisha yote mawili saa yake inatangulia ya ardhini kwa mikrosekunde 38 kila siku. Yaani ukiigawa sekunde moja vipande milioni, vipande 38. Unaweza kusema hicho nacho ni kitu? Wasipokirekebisha, ramani inakosea kilometa kama kumi kwa siku. Mvuvi wa Kigoma angejikuta anaambiwa yuko juu ya mlima. Kwahiyo ile fizikia tunayoambiwa ni ya Wazungu wenye nywele timtim ipo mfukoni mwa kijana anayevua dagaa Katonga, tena na bando la kukopa.

Kuhusu maada nilikuwa nimepanga kuandika mengi, ila naona nichukue ziwa tu. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 pale penye kina zaidi, duniani linazidiwa na Baikal peke yake. Kila ukishuka mita kumi unaongezewa presha kama ile ya hewa yote iliyo juu ya kichwa chako, kwahiyo kule chini kabisa ni karibu mara 147. Lakini kilichonishangaza siyo presha, ni kwamba kuanzia mita mia na kitu mpaka mia mbili kwenda chini hakuna samaki, kwa sababu hakuna oksijeni. Sababu ni ile ile tunayoiona kwenye chupa ya mawese. Kitu kikipata joto chembe zake zinachezacheza zaidi, kinatanuka, kinakuwa chepesi kwa ujazo ule ule. Maji ya juu ya ziwa yanapigwa na jua, yanakuwa mepesi, yanakaa juu kama mafuta kwenye supu, hayashuki kupeleka hewa chini, na mbolea iliyozama chini haipandi. Tofauti ya joto ni digrii chache tu, chini ni kama 23, juu 25 mpaka 28, ila inatosha kufunga mlango. Kiangazi upepo wa kusini ukivuma sana unasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kule kusini maji ya chini yanapata upenyo wa kupanda na ile mbolea, na dagaa wanapata chakula.

Mwaka 2003 watafiti waliandika kuwa ziwa linapata joto, mlango ule unazidi kukaza, na chakula cha samaki kinapungua. Huku mwaloni tulikuwa tunagombana, wengine wanasema ni nyavu haramu, wengine ni wavuvi wamezidi, wengine ni mkono wa mtu. Nyavu zina lawama yake na wavuvi ni kweli tumekuwa wengi, sikatai, ila hakuna hata mmoja kwenye kile kijiwe aliyejua kwamba maji ya moto kukaa juu ya maji ya baridi nayo ni sababu. Topiki ya densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake, ipo kidato cha kwanza jamani! Tuliikariri wote, tungamo gawanya kwa ujazo, na mwalimu alituchorea kipande cha mbao na kipande cha chuma. Nje ya dirisha la darasa lilikuwa linaonekana ziwa. Na bandarini ipo Liemba, meli ya chuma iliyotengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande ndani ya makreti mpaka Kigoma, ikazamishwa vitani mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na 1927 ikarudi kazini. Msumari unazama, Liemba inaelea, na ilipojazwa maji ilizama na ilipotolewa maji ikaelea tena. Sijui mlitaka mfano gani mwingine.

Simlaumu mwalimu, darasa lilikuwa na wanafunzi wa kukaa mpaka kwenye madirisha, na yeye mwenyewe alikuwa anatafuta maneno. Hili nalo liseme mtu. Shule ya msingi tunasoma sayansi kwa Kiswahili, tukifika sekondari kila kitu kinageuka Kiingereza siku moja, mtoto anakariri sentensi ambayo hata mama yake hawezi kumuuliza maana yake nini. Na Kiswahili cha fizikia kipo, kanieneo, mchapuko, tungamo, maada, vyote vipo kwenye kamusi, ila vimekaa kabatini kama vyombo vya wageni. Mi mtu akiniambia kanieneo bado nashtuka, akiniambia presha nafikiria hospitali. Nadhani tutumie vyote, presha na kanieneo, mpaka kimoja kishinde chenyewe kijiweni.

Ombi langu kwenu ni hili. Gazeti lenu lina kurasa za mpira, nazisoma zote, lina ukurasa wa ndoto na nyota za bahati, nao nausoma japo nakataa mbele za watu. Wekeni basi nusu ukurasa kwa wiki wa fizikia ya vitu vya kawaida, kwa Kiswahili hiki hiki. Kwa nini maharage yanachelewa kuiva Tabora kuliko Tanga (maji ya Tabora, kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, yanachemka kwenye digrii 96, hayafiki 100). Kwa nini reli ya zamani inapiga ta-ta, ta-ta, na wakaacha mianya, maana kilometa moja ya chuma ikipata joto digrii 20 zaidi inarefuka sentimita 24. Kwa nini mvuvi akitaka mwanga ule ule ufike mara mbili ya umbali anahitaji taa nne na siyo mbili, na hiyo ni hewani, kwenye maji ni zaidi. Mwezi ukiwa mpevu taa zetu zote hazifui dafu, dagaa wanatawanyika, na mwezi wenyewe upo kilometa 384,000 na hauna mwanga wake, ni kioo tu cha jua. Na jua lenyewe linapata wapi huo mwanga? Linapoteza tani kama milioni nne za maada kila sekunde, zinageuka nishati moja kwa moja. Gramu moja ya chumvi ya Uvinza, ukiweza kuigeuza yote hivyo, ni uniti milioni 25 za umeme. Msinitume pesa, sijui kuigeuza, na akija mtu na pikapu anasema anajua, mniite.

Nimalizie na jambo moja ambalo wasomaji wenu wanaweza kunisaidia. Mnamjua Erasto Mpemba, yule mwanafunzi wa Magamba kule Lushoto, mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu walikuwa wanatengeneza aiskrimu, akaogopa kukosa nafasi kwenye friji akaweka maziwa yakiwa bado ya moto, na yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Mwalimu akamcheka, darasa likamcheka. Baadae akiwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza mtaalam wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar, Denis Osborne, naye badala ya kucheka akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakaandika pamoja na dunia ikakiita kitu hicho kwa jina la Mpemba. Mpaka leo wataalam wanabishana, wengine wanasema kipo, wengine walipima mwaka 2016 wakasema hawakioni.

Basi na mi nikajaribu kwenye friza ya jirani yangu anayeuza barafu kwa wavuvi. Vikombe viwili sawasawa vya bati, maji ya bomba ya lita nusu nusu, kimoja digrii 70 hivi, kingine 25, kipimajoto cha mzee. Nimerudia mara sita. Mara nne ya baridi yalitangulia kuganda, mara mbili ya moto. Zile mara mbili zote friza ilikuwa na barafu nyingi chini na kikombe cha moto kiliyeyusha kikajitengenezea shimo kikakaa ndani yake, nadhani hapo ndo penye siri, chuma kiligusana na baridi vizuri zaidi, ila nilipojaribu kukitengenezea cha baridi nacho shimo, umeme ukakatika. Mwenye friza, saa na uvumilivu, awe Ujiji, Urambo, Nzega au popote, ajaribu kuweka vikombe vyote viwili juu ya kipande cha mbao kikavu, arudie japo mara kumi, aandike hapa hapa gazetini amepata nini.

Wako,
Mchaji betri, mwaloni, Kigoma